Kiti Ambacho Mwasi Hakukikalia

Nimefundisha dini kwa zaidi ya miaka arobaini, na maswali kuhusu wafalme nimeulizwa mengi. Nimeulizwa kwa nini watu waliomba mfalme ilhali Mungu mwenyewe alikuwa anawatosha. Mzee mmoja wa Lokori aliwahi kuniuliza kama mfalme wa Maandiko alikuwa na ngamia wangapi, na nilipomwambia sijui, akaniona mwalimu nusu. Lakini sikuwahi kuulizwa swali likanisahaulisha chai mpaka ikapoa, hadi Jumatatu ile pale Kakuma, vijana wawili waliponifuata baada ya mafundisho na kuniomba niamue kesi ya mwasi.

Mwasi huyo alikuwa ndani ya kompyuta.

Ninaishi Lodwar na mke wangu, na kila baada ya wiki mbili huenda Kakuma kuwafundisha wahubiri wa kanisa moja la wakimbizi. Vijana hao wawili niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura, maana wote huimba kwaya. Mmoja ni binti Mrundi aliyeingia kambini akiwa mgongoni mwa mama yake. Mkono wake umebarikiwa. Akichora kisima, unaona kiu. Wa pili ni kijana Mkongomani anayetengeneza simu kwenye kibanda kimoja huko Kalobeyei, na ndiye anayeandika yale maagizo yanayofanya michoro ya binti itembee, iongee na kupigana. Walikuwa wameshughulikia gemu lao kwa miaka miwili.

Binti alinieleza hadithi yake huku akifungua kompyuta juu ya benchi la kanisa. Kuna ufalme wa mchanga mweupe. Mfalme alikufa, akaacha mtoto mchanga wa kike. Ndugu ya mfalme akakalia kiti, akapakwa mafuta na makuhani, akala kiapo mbele ya watu, kila kitu kwa utaratibu. Mtoto akatoroshwa, akalelewa na wachunga ngamia. Sasa amekuwa mtu mzima, visima vimekauka, naye anarudi akiwa na upanga na kusema kiti ni chake. Mchezaji ndiye huyo mwasi. Anasafiri, anavuka nchi, anafika ikulu, anabonyeza herufi K, anaketi.

"Halafu?" nikauliza.

Wakatazamana. Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Binti alitaka mwasi akiketi, ngoma ya ufalme ijipige yenyewe na watu wote wapige magoti, kwa sababu ni mtoto wa mfalme, na damu haifutwi na kiapo. Kijana alisema hawezi kuandika upuuzi huo. Kwake, damu ya wafalme haimpi mtu haki hata ya kukalia ndoo. Mwasi ana haki kwa sababu amemwangusha mtu aliyekausha visima, basi, na angekuwa mtoto wa mpika pombe angekuwa na haki ile ile. Walijaribu kuweka miisho yote miwili, mchezaji achague, lakini kila mmoja aliona mwisho wa mwenzake unaufanya wake kuwa uongo. Sasa kijana alikuwa amesema akilazimishwa kuandika ngoma inayojipiga, anatoka.

Na akitoka, kila kitu kimekwisha. Jumamosi hiyo kulikuwa na maonyesho Lodwar ya kazi za kompyuta za vijana, na timu moja ingechaguliwa kwenda kusoma Nairobi kwa miezi sita, pamoja na kibali cha kutoka kambini. Binti alikuwa amejaribu mara mbili akiwa na michoro yake peke yake, na mara mbili alirudishwa. Mwakani umri wake ungekuwa umepita. Aliniambia hayo bila kulalamika, akipangusa vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa upindo wa kitenge.

Walinichagua mimi kuwa mwamuzi kwa sababu kila mmoja alidhani niko upande wake. Binti alikumbuka nilivyofundisha juu ya kupakwa mafuta. Kijana alikumbuka nilivyosema kwamba sisi Waturkana hatukuwahi kuwa na mfalme, na hatukuona pengo.

Nikawaambia siwezi kuamua kesi ya mahali ambapo sijafika. Nionyesheni njia.

Namshukuru Mungu kwa saa iliyofuata. Vidole vyangu ni vya chaki na jembe, lakini baada ya kutumbukia shimoni mara tatu nilianza kuelewa. Nilimkimbia fisi. Nilimpa maji mbuzi wa mjane, ingawa kijana alinihakikishia kwamba mbuzi yule hana faida yoyote, amewekwa pale kwa urembo tu. Nilipanda mlima ambao niliapa ni ule unaouona ukitoka Lodwar asubuhi, na binti akacheka, akasema ndio huo huo, ameuona siku mbili tu maishani mwake na hakuusahau. Wanakwaya watatu wakaja kusimama nyuma yangu. Nilikuwa nimetoka jasho kama niliyefukuza ngamia wa kweli.

Nikafika ikulu. Mlango ukafunguka. Mfalme alikuwa ametoka kwenda kusali, na kiti kilikuwa kitupu, kirefu, chenye pembe ndefu za oriksi, swala wa jangwani, huku na huku. Nyuma yangu watu wakasogea. Binti alikuwa ameshika shavu.

Nikakipita kile kiti.

Sikuwa nafanya hila. Nilikiangalia, nikaona hakina mwenyewe, nikatoka kwa mlango wa nyuma kutafuta pa kukaa. Uani kulikuwa na moto na watumishi wanakula. Nikaenda pembeni mwao, nikabonyeza K, mwasi wangu akaketi chini mchangani. Nikangoja kuona atakaribishwa nini.

Hakuna kilichotokea. Watumishi wakabaki na mikono hewani. Moto ukaganda. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule.

"Papa," kijana akasema polepole, "umeua gemu."

Kicheko kilichofuata kilimleta mlinzi wa lango. Katika watu wote waliojaribu mchezo ule kwa miaka miwili, hakuna hata mmoja aliyewahi kukipita kiti. Hawakuwa wameandika chochote kwa ajili ya mtu kama mimi. Kijana aliinama akafungua maandishi yake, huku akifuta machozi ya kucheka, na binti akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemuuliza mgonjwa, kwa nini sikukaa.

Niliinyanyua ekicholong yangu kutoka chini ya benchi nikawaonyesha. Ni kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho. Mchana anakikalia, akilala anaegemeza kichwa. Nilichonacho nilikichonga mwenyewe. Nikawaambia kwamba kwetu mtu haendi kwa watu akakalia kigoda cha mwenye boma kwa sababu tu amekikuta kitupu. Na wazee wanapokula nyama pamoja, wamekaa nusu duara, kila mtu ana mahali pake kulingana na rika lake, na mgeni hajichagulii. Anasimama mpaka mmoja wao amwambie, keti hapa.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa nimefanya kazi ya Mungu. Lakini mwalimu haachi somo likiwa tamu. Nikaendelea kutoa hukumu. Nikawakumbusha yule mchunga kondoo aliyepakwa mafuta ilhali mfalme mwingine bado amekaa, jinsi alivyomkuta mfalme huyo peke yake pangoni, yeye akiwa na kisu mkononi, na akakata upindo wa vazi lake tu. Nikasema kupakwa mafuta ni jambo moja na kuketi ni jambo jingine, na katikati yake kuna subira. Nikasema mwasi wenu ana haki, lakini angoje. Nilijisikia vizuri sana.

Kijana alikuwa ameacha kucheka.

"Papa, kwa heshima," akasema. "Mi nimengoja tangu niko mtoto. Nimengoja karatasi, nimengoja jina kwenye ubao, nimengoja foleni ya maji. Na kila mara mtu anayeniambia ngoja ni mtu ana kiti."

Akafunga kompyuta, akaiweka mikononi mwa binti, akatoka. Tulisikia bodaboda ikimchukua kuelekea Kalobeyei. Binti hakulia wala hakunilaumu. Aliniambia, "Asante, Mwalimu," na ile asante nilikwenda nayo mpaka Lodwar.

Mke wangu ni mtu wa kunipunguza ninapovimba. Nilipomweleza yote wakati wa chakula cha mchana kesho yake, kwanza alitaka kujua kama yule fisi alinikamata. Kisha akauliza ni serikali gani nyingine nilikuwa nimepanga kupindua wiki hiyo. Baada ya hapo akatafuna kidogo, akasema, "Huyo mchunga kondoo wako, alingoja akiwa amekaa?"

Alikuwa sahihi. Yule mtu alingoja akiwa wima. Alilinda mifugo ya watu usiku na mchana. Waliodhulumiwa na waliokosa pa kwenda walimkusanyikia, akawa mkubwa wao. Na mwisho makabila yote yalikuja kwake, wakamwambia, sisi ni mfupa wako na nyama yako. Nimefundisha maneno hayo mara ngapi? Nilimwambia kijana angoje, nikasahau kumwambia mtu yule alikuwa anafanya nini katika kungoja.

"Na wewe," mke wangu akaongeza, akianza kucheka kabla hajamaliza, "waambie ulivyokula nyama."

Miaka arobaini nimeomba asiikumbuke hadithi hiyo.

Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya misheni na barua iliyosema kwamba mimi ni mwalimu wa dini. Nilirudi nyumbani nikakuta wazee wanachoma dume. Kwetu watu wamegawanyika sehemu mbili, Mawe na Chui. Baba akiwa wa Mawe, mwanawe ni wa Chui, na kila upande una mahali pake nyama inapoliwa. Baba yangu alikuwa wa Mawe. Mimi, nikiwa na barua mfukoni na viatu miguuni, nilienda moja kwa moja nikaketi upande wa baba, katikati ya rika lake, kama mtu aliyezaliwa nao. Nilidhani shule imenipandisha.

Hakuna aliyenifukuza. Nyama ilikatwa, ikaanza kupita kutoka mkono hadi mkono, ikafika kwa mzee wa kulia kwangu, naye akanyoosha mkono mbele ya kifua changu akampa mzee wa kushoto. Kila kipande. Walizungumza wakinipita kichwani kama watu wanavyozungumza kupita jiwe lililo katikati yao. Nilikaa pale mpaka mifupa ikavunjwa, nimeketi kabisa, na sikuwa mahali popote.

Ulipita zaidi ya mwaka. Ukaja ukame mbaya, na nikawa nachimba kisima cha mchanga kwenye laga, mto uliokauka, pamoja na wengine, na kupeleka wagonjwa hospitali kwa baiskeli ya kanisa, kwa sababu kulikuwa na kazi na sikuwa na la kujivunia tena. Siku moja nilipita walipokuwa wamekaa. Mzee mmoja, yule yule wa kulia, akagonga ardhi kwa fimbo yake upande wa Chui. Akasema keti hapa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliketi bila kujua ni kitu gani nimepewa.

Alhamisi nilirudi Kakuma, ingawa haikuwa zamu yangu, na nikapanda bodaboda hadi Kalobeyei. Kijana alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba nilimwambia angoje kama mtu aliyekaa, na kwamba yeye aliona hilo kabla yangu. Hakujua aweke wapi macho. Kwao mzee haombi radhi kibandani mbele ya wateja. Akanivutia kreti ya soda nikae, nami nikamsimulia habari ya nyama.

"Walikupitisha?" akauliza. "Hata mfupa?"

"Hata harufu nadhani waliipeleka upande wa pili."

Alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Kisha ghafla akaacha, akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Akasema, basi tumuache mwasi akae. Akimbie moja kwa moja, akae, asizuiwe na mtu. Halafu nyama impite.

Tulimpigia binti simu, akafika kabla mteja hajapata simu yake. Sijawahi kuona watu wakizungumza kwa lugha nyingi kiasi kile kwa wakati mmoja: Kifaransa, Kiswahili cha kwao, Kiswahili cha Nairobi, mikono. Mbuzi wa mjane, yule wa urembo, sasa alipata kazi; ukimpa maji, mjane anakukumbuka. Ukimsaidia mchimba kisima, ukimrudisha mtoto aliyepotea, ukimwacha hai askari aliyeshindwa, kila mmoja wao anakuja ikulu siku yako na kigoda chake mkononi. Binti alikataa kuiacha ngoma. Kijana akasema sawa, iwepo, lakini wapige watu. Kwao binti, ngoma ya mfalme hupigwa na wapigaji wa kweli wenye jasho, na yeye alilijua hilo kuliko sisi wote. Akafikiri, akakubali, na papo hapo akaanza kuchora mikono.

Ila walitaka sauti ya kumwambia mwasi akae, na kila mtu katika mchezo aseme kwa lugha yake. Msomali mwenye duka la jirani aliingia kusema neno lake, akalirudia mara nne kwa sababu hakuipenda sauti yake. Mimi nikasema la Kiturkana, na kugonga sakafu kwa fimbo. Kijana akanasa vyote kwa simu ya mteja.

Jumamosi ukumbi wa Lodwar ulijaa. Mke wangu alikuja amevaa shanga zake zote, akisema hakosi kuona nilivyomkimbia fisi. Vijana walifika na kompyuta wameifunga kwa taulo, macho mekundu kwa siku mbili za kazi, na gemu lilikuwa limekamilika tangu alfajiri. Mkuu wa waamuzi alikuwa bwana mmoja kutoka Nairobi, mcheshi, anayejua michezo hii. Aliketi, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Alikuwa hodari kweli. Mashimo aliyaruka. Fisi alimuua. Mjane alimpita mbio, mchimba kisima akampita, mtoto aliyepotea hata hakumwona. Kwa dakika chache tu alikuwa ikulu. Niliona vidole vya binti vimekaza kwenye kitenge. Bwana akamfuata mfalme kwenye sala, akamwangusha, akarudi, akapanda ngazi, akabonyeza K, akaketi kwenye kiti chenye pembe za oriksi, akainua mikono kupokea makofi.

Kiti kilimkubali. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna aliyemshika. Upepo tu ukapita ukumbini mwa ikulu. Bwana akangoja. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mwasi wake alikuwa ameketi vizuri, taji kichwani, na kwa dirisha lililokuwa nyuma ya kiti ungeweza kuona moshi wa moto wa uani.

"Limekwama?" akauliza.

"Hapana," kijana akajibu.

"Watu wako wapi?"

Mke wangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akajibu kutoka safu ya tatu, "Wako nje, wanakula." Na ukumbi mzima ukalipuka.

Yule bwana, Mungu ambariki, hakukasirika. Alicheka pamoja nasi, kisha akaacha kucheka. Akageuka akakitazama tena kile kiti. Akaomba aanze upya. Safari hii alikwenda taratibu. Alimpa mbuzi maji. Alichimba. Alimbeba mtoto. Watu wakaacha viti vyao wakaja kusimama nyuma yake. Akafika ikulu. Hakupanda ngazi. Alitoka uani. Wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake, na Msomali wa duka akasema neno lake, na mama mmoja Mrundi akasema la kwake. Kisha fimbo ikagonga ardhi, na sauti kavu ya mzee ikasema kwa Kiturkana, keti hapa.

Ilikuwa sauti yangu. Nilijua inakuja, na bado miguu yangu ilitaka kukaa. Mikono ya kwenye skrini ikaanza kupiga ngoma, na binti, aliyeichora mkono kwa mkono, akafunika uso.

Timu ilitangazwa kabla ya chakula, na ilikuwa yao. Binti aliuliza mara mbili kama kibali ni cha wote wawili. Kilikuwa cha wote wawili.

Kabla hajaondoka, yule bwana alirudi kwenye benchi lao na kuuliza jambo ambalo, alisema, lingemsumbua njia nzima: hatimaye mwasi alikuwa na haki ya kile kiti, au hakuwa nayo?

"Alikuwa nayo," binti akasema. "Ni mtoto wa mfalme."

"Alikuwa nayo," kijana akasema, "na si kwa sababu hiyo."

Wakageukiana. Bwana alingoja, akaona hawamkumbuki tena, akaenda zake. Wiki mbili baadaye nilifika stendi kuwaaga, nikawakuta wameketi juu ya mizigo yao, bado wanabishana kuhusu mwasi, na sikuwaingilia. Nilikaa kwenye kigoda changu kando yao, nikiwasikiliza, nikamshukuru Mungu mpaka gari likapiga honi.